Mashine Chini ya Maganda ya Maharagwe

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Walikale nikaambiwa kwamba Papa Bauma amezikwa. Aliyenipigia ni binti yake, ambaye sijawahi kumwona, na alisema machache tu: baba aliugua wiki mbili, na namba yangu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ukutani, karibu na kitanda chake. Sikuweza kwenda. Barabara imefungwa tena, kama ilivyokuwa siku zile tulipofahamiana. Nilikaa hapa jikoni kwangu, Sake, chai ikapoa, na nikajikuta nawaza habari ambayo sijawahi kuisimulia yote kwa mtu yeyote, hata kwa mume wangu. Nilipozaliwa na jinsi nilivyolelewa si neno la leo. Nataka kusimulia mwaka mmoja, ule tuliorudi Ngungu baada ya kukimbia, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa sekretere wa shule ya sekondari iliyokuwa haina tena mlango.

Ofisi niliikuta imegeuzwa jiko. Watu wenye silaha walikuwa wamelala humo miezi miwili, na rejista za pointi za wanafunzi, zile kubwa zenye jalada gumu, walikuwa wameziwashia moto wa kupikia. Chini ya dirisha kulikuwa na sufuria yenye ukoko wa bugali, na majivu yaliyokuwa bado na vipande vya karatasi vyenye mistari. Nilitambua mwandiko wangu kwenye kipande kimoja. Prefe Kalinda, mkuu wa shule yetu, alisimama pale akiwa ameshika kofia yake mkononi, akasema, "Bon. Inabaki ordinateri." Kabla ya kukimbia alikuwa ameichukua ile kompyuta ya shule, yeye na Mama Faida, mama wa mwanafunzi wetu mmoja, wakachimba shimo ndani ya ghala la Mama Faida, wakaifunga kwa nailoni, wakaweka mbao juu, na juu ya mbao wakarundika maganda ya maharagwe. Gunia la maharagwe lingeibiwa siku ya kwanza. Maganda hakuna aliyeyagusa.

Haraka yetu ilikuwa hii. Mwenye pikipiki alituletea barua ya inspekteri kutoka Sake: wanafunzi wa mwaka wa sita hawataandikwa kwenye mtihani wa Serikali mpaka shule ipeleke pointi zao za mwaka wa nne na wa tano, zimesainiwa na prefe, kabla ya Pasaka. Wanafunzi hao walikuwa thelathini na wanane. Bulletini zao, zile ripoti za alama zinazopelekwa nyumbani, nyingi zilikuwa zimepotea njiani ao zimeungua pamoja na nyumba, na inspekteri alitaka pointi zilizotunzwa na shule. Mimi ndiye niliyekuwa nimeziandika ndani ya ile mashine kwa miaka miwili, kila mwanafunzi na ukurasa wake: jina, jina la baba, kijiji, kisha pointi. Kwa sababu mashine ilikuwa nzito na mbovu tangu ilipofika kwetu kama zawadi, nilizoea kuandika maneno matupu bila mapambo yoyote. Sikujua kwamba uvivu huo wa mashine ungetusaidia baadaye.

Tulipoifukua haikuwaka. Njo hapo Bauma alipoingia maishani mwangu. Alikuwa ametoka Walikale, ambako alitengeneza fonia, zile redio za mawasiliano, na ordinateri za wafanyabiashara wa madini. Mapigano yalimfukuza huko, na sasa alikaa kwenye soko la Ngungu akifungua redio za watu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache, na alikuwa na tabia ya kunusa kila kifaa kabla ya kukigusa, kama mama anayenusa maziwa. Alinusa mashine yetu kwa muda. "Haiyaungua," akasema. "Imechoka tu."

Tuliiweka kwenye chumba cha nyuma cha Mama Faida. Mbele, upande wa barabara, Mama Faida aliuza kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kati ya wanywaji na sisi kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Chumba kilinuka ndizi zilizoiva na moshi. Kulikuwa na meza moja, kitanda cha miti, na dirisha dogo lililotazama shamba la mihogo. Saa sita Zawadi, binti wa Mama Faida, ambaye naye alikuwa mmoja wa wale thelathini na wanane, alituletea bugali na maharagwe yenye mawese, siku nyingine na kipande cha jibini kutoka kwa wafugaji wa juu. Tulikula kwenye sahani moja, Bauma na mimi, mashine ikiwa wazi mbele yetu kama mgonjwa. Ndani yake tulikuta kiota cha panya. Bauma aliisafisha kwa burashi ya viatu, na vile vibati vidogo vinavyoshika memware, kumbukumbu ya mashine, alivisugua kwa kifutio cha penseli mpaka vikang'aa. Betri yake ndogo ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila tulipoiwasha iliamini kwamba ni Januari ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado mtoto.

Umeme tulipewa na kinyozi wa jirani, aliyekuwa na jenereta ya kuchajia simu. Siku ya kwanza sisteme ya zamani ya mashine ilianza, ikafika katikati, ikasimama. Ikaanza tena, ikasimama pale pale. Na kila mara diski ilitoa sauti kama mtu anayekwaruza bati kwa ukucha. Bauma alichomoa waya haraka.

"Diski iko inakufa," akasema. "Haiyakufa bado. Tukilazimisha hii sisteme yake, itaandika-andika juu yake mpaka imalizike kabisa. Tunahitaji ingine, nyepesi, ile inaingia yote mu memware, inasoma diski bila kuiandika."

"Tutaitoa wapi?"

Akafungua begi lake akatoa soksi, na ndani ya soksi sidi moja. Alikuwa amekimbia nayo kutoka Walikale, akaacha viatu. Alisema walioitengeneza wameiita jina la mbwa mdogo, kwa sababu haili sana. Aliiweka, tukangoja. Kioo kilijaa mistari ya rangi, picha ikakataa kutokea. Akaiwasha upya, akaandika neno fulani kabla haijafika mbali, na safari hii kioo kikabaki cheusi, herufi nyeupe zikapanda moja baada ya nyingine, mwishoni kikabaki kimstari kinachopepesa. Hakuna picha, hakuna kipanya, hakuna dirisha. Bauma alinifundisha maneno matatu ya kuandika pale. Nilipoandika la tatu, jina la mwanafunzi wa kwanza lilitokea, na la baba yake, na kijiji chake, na pointi zake zote. Niliziba mdomo kwa kitenge. Bauma aliinuka akaenda kusimama dirishani, na nilimsikia akipumua.

Nimewahi kuulizwa na vijana wa leo kwa nini hatukunakili kila kitu kwenye kle, ile flashi ndogo, tukaondoka nayo. Vitundu vya kle vilikuwa vimeliwa na kutu ndani ya shimo, na hata tungekuwa na kle, mashine nyingine ya kuisoma ilikuwa Sake, na njia ya Sake ilifunguka siku ikifungwa siku. Kwa hiyo tulinakili kwa mkono. Prefe alileta karatasi zenye mihuri, nami nikaandika kufuata alfabeti, mwanafunzi mmoja mmoja. Ukurasa mmoja ulifunguka mara moja, mwingine ulitaka nusu saa, diski ikikwaruza, sisi tumekaa kimya kana kwamba sauti yetu ingeiumiza. Jenereta tulipewa mchana, saa tatu tu kwa siku. Mlio wake ulisikika mpaka upande wa pili wa bonde, na jambo hilo sikulifikiria hata kidogo.

Siku ya tano nilisikia maneno kupitia mbao. Wanaume wawili walikuwa wanakunywa. Mmoja aliuliza mlio ule ni wa nini, na mwingine akajibu kwamba sekretere wa shule amefufua ordinateri. "Komanda atafurahi," akasema yule wa kwanza. "Anatafuta vijana wenye kujua kusoma. Ile mashini iko na jina ya kila mumoja, na ya baba yake, na kijiji." Walicheka kidogo, wakaanza kuzungumzia ng'ombe. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilimtazama Bauma, naye alikuwa amesikia. Mpaka saa ile niliona kurasa zile kama pointi tu. Sasa nilisoma ukurasa uliokuwa wazi mbele yangu kwa macho ya mtu mwingine, na niliona ramani ya kumfikia kila kijana kitandani mwake.

"Tufunge," nikasema.

"Tukifunga, hao watoto hawatafanya egzameni," Bauma akajibu. "Andika haraka."

Kesho yake Safari alikuja. Safari alikuwa mwanafunzi wetu. Aliacha shule katikati ya mwaka wa tano, na sasa alikuwa anamwandikia komanda wa watu wenye silaha wa msituni barua zake. Aliacha bunduki kwa mwenzake nje, akainama mlangoni kama zamani alivyokuwa akiinama kwenye mlango wa ofisi yangu.

"Jambo, dada Sifa."

"Jambo, Safari."

"Nasikia mashini imefufuka."

"Inajaribu," Bauma akasema. "Haina picha. Inatoa maneno tu."

"Maneno njo tunataka." Alisema hivyo akitazama chini. Akaeleza kwa upole kwamba komanda anataka listi ya vijana wa mwaka wa tano na wa sita, pamoja na vijiji vyao. Kisha akakaribia meza. "Dada, na pointi zangu ziko ndani?"

Ningeweza kusema haziko. Niliandika jina lake, na diski, iliyokuwa imetusumbua asubuhi nzima, ilifungua ukurasa mara moja. Safari aliinama akasoma mstari kwa mstari, midomo ikitembea. "Kifaransa, sabini na nane," akasema. "Nilikuwa wa pili."

"Ulikuwa wa pili."

Alifuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa shati lake, akasimama wima. "Siwezi kumudanganya komanda, wengine waliisha kumwambia. Tutakuja kesho kutwa, saa nane, na karatasi." Akatoka. Miaka yote hii nimejiuliza kwa nini alitaja saa. Bauma alisema ametupatia siku mbili, ao ametega mtego, na kwamba kwa vyovyote kazi yetu ni ileile.

Tulikuwa tumemaliza kumi na saba. Kinyozi hakuuliza kitu. Asubuhi ya pili alikuja mwenyewe akawasha jenereta saa moja, akasema simu za watu zitangoja. Niliandika mpaka vidole vikakakamaa. Saa sita Mama Faida alileta chakula mwenyewe, badala ya Zawadi, na hakukiweka mezani. Alisimama na sahani mikononi.

"Sifa. Zawadi iko na Z."

"Najua, Mama."

"Mutafika?"

Aliweka sahani, akatoka bila kufunga mlango. Mama yule alikuwa ameficha mashine ndani ya ghala lake, na alikuwa ametulisha siku zote hizo. Nilikuwa nimefika herufi ya N. Niliandika jina la Zawadi. Bauma aliona, akageuza uso akaanza kutazama feni kana kwamba ina hitilafu. Ukurasa ule ulichukua karibu saa nzima kufunguka. Saa ile ilikuwa ya mtu mwingine, nami nilijua hivyo wakati diski inakwaruza, na bado nilingoja.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kinyozi aliingia bila kubisha. "Wameisha kuvuka kijito. Wako sita. Safari iko nyuma." Walikuwa wametangulia saa nne nzima. Alitaka jenereta yake kabla hawajaikuta. Karatasi zilizoandikwa zilikuwa ishirini na sita. Kwenye kioo nilikuwa nimeandika jina la Riziki, wa R, na diski ilikuwa inatafuta. Labda dakika kumi zingetosha kwa huyo mmoja.

Bauma alishika waya. "Weye njo sekretere. Sema."

"Toa," nikasema.

Kioo kilizimika. Alifungua skrubu nne, akanipa diski, na ilikuwa na joto kama yai lililotoka kwa kuku. Akaichukua tena, akaiweka juu ya jiwe, akaipigia msumari mara tatu. Mimi nikaitupa chooni. Zawadi alijifunga zile karatasi kiunoni chini ya kitenge, akabeba bidoni, akaenda mtoni kuchota maji, akapishana nao njiani.

Aliyewaongoza alikuwa mtu mnene, mwenye fonia kifuani. Aliagiza mashine iwashwe. Bauma akasema kurani, yaani umeme, haipo. Yule mtu akafungua kifuniko mwenyewe, akatia mkono ndani. "Hapa kunakosa kitu gani?"

"Diski," Bauma akajibu. "Ilikufa. Nikaitupa."

Mtu mnene alimgeukia Safari. "Ulisema iko muzima."

"Ilikuwa inatoa maneno," Safari akasema. "Na ilikuwa inakufa." Hakunitazama.

Mtu mnene aligonga fonia yake kwa kidole. "Hii haishike tena vizuri. Weye unajua kutengeneza?"

"Najua."

"Basi twende."

Bauma alichukua bisibisi yake na shati lililokuwa limeanikwa kwenye kamba. Alipita karibu yangu akasema, "Usisahau kula." Nilikuwa na kinywa na sikukitumia. Alikaa nao msituni miezi saba, mpaka siku alipowatoroka akatembea kurudi Walikale, na kutoka huko alinitafuta kwa simu. Tuliongea mara nyingi baada ya hapo, mwaka hata mwaka, na hakuna siku aliyonilaumu, lakini hatukuonana tena. Siku ile, hata hivyo, sikujua kama atarudi akiwa hai.

Jioni prefe alihesabu karatasi, akasaini ishirini na sita. Nilimuuliza tufanye nini na kumi na wawili. Nikamwambia labda wanakumbuka pointi zao wenyewe. Alikasirika. "Sitasaini pointi za kusikia, Sifa. Kila mumoja atajipa themanini. Nenda uwaambie ukweli."

Nilianza na Riziki. Alikuwa kwenye shamba lao juu ya kilima, anapalilia maharagwe, ameinama, matope yamefika magotini. Nilimwambia diski imeharibiwa, na kwa sababu gani. Aliendelea kupalilia.

"Mulikuwa mumefika kwa nani?" akauliza.

"Kwako. Jina lako lilikuwa kwenye kioo."

"Na Zawadi? Zawadi iko Z."

Ningeweza kusema uongo, shamba lilikuwa tupu na hakuna aliyesikia. "Zawadi nilimwandika," nikasema. "Niliruka nikamwandika yeye. Ile saa ilikuwa ya kwako."

Aliacha jembe. Alinitazama kwa muda mrefu, na nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Kisha akafuta mikono kwenye nguo yake. "Uko na karatasi?"

"Ninayo, lakini prefe amekataa pointi za kusikia."

"Andika tu."

Nilikaa kwenye matuta nikaweka karatasi juu ya goti. Alisimama akiwa ameunganisha mikono nyuma, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Hesabu, sabini na moja. Fizikia, sitini na nne. Kifaransa, hamsini na tano. Alitaja bila kusita, mwaka wa nne kisha wa tano, na mimi nikaandika. Alipofika jografia ya mwaka wa tano akasita kidogo.

"Arobaini na moja."

Kalamu yangu ilisimama. Chini ya hamsini ni kuanguka. "Riziki, hakuna mtu anayejua."

"Mimi najua," akasema. "Andika."

Niliwaendea na wengine kumi na mmoja, siku mbili, kilima kwa kilima. Baadhi walikumbuka, baadhi walikumbuka nusu, na wawili walinitajia pointi nilizojua si zao. Niliwaambia hivyo, wakazishusha. Nilipomaliza niliziweka karatasi zote kumi na mbili mbele ya prefe, kwenye meza ya ofisi isiyo na mlango, ya Riziki ikiwa juu. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Alivaa miwani, akaanza kusoma akiwa amekunja uso, na kidole chake kikashuka mstari kwa mstari mpaka kikafika jografia. Kikakaa hapo. Jografia ya mwaka wa tano alikuwa anaifundisha yeye mwenyewe.

"Arobaini na moja," akasema polepole. "Alilia siku ile. Nilimwambia kulia hakuongeze pointi."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Akasaini karatasi ya Riziki. Akavuta ya pili akaisaini bila kuisoma, na ya tatu, na zote zilizobaki, akazigonga muhuri moja moja. Bahasha iliondoka kwa pikipiki asubuhi iliyofuata, na majina thelathini na manane yalikubaliwa. Mimi nilibaki kwenye ngazi ya ofisi nikitazama njia ya msituni, upande aliopelekwa Bauma, mpaka jua likawa kali na Mama Faida akaja kuniambia chakula kimeiva.